Nishani ya Babu Ina Bei Gani?



Ziko nyumba nyingi katika nchi zetu za Afrika Mashariki ambazo ndani ya sanduku la bibi, chini ya kanga za zamani na hati za shamba, kimo kitambaa kilichofungwa nyota za shaba na tepe zilizopauka. Watoto huambiwa, "Hizo ni za babu yenu, alipigana vita vya Mwingereza," na habari huishia hapo. Hazivaliwi wala hazitundikwi ukutani. Baadhi ya wazee hawakupenda hata zionekane, kwa kuwa nishani moja ina sura ya mfalme upande huu, na upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi. Tunazizungumzia wiki hii kwa sababu wapo watu wanaopita wakiziulizia majumbani, nao hulipa taslimu.

Kuna nini katika vyuma hivyo hata mtu avifuate kutoka mbali? Huko Ulaya na Marekani kukusanya vifaa vya vita ni uraibu wa maelfu ya watu wa kawaida kabisa. Wenye nafasi na fedha hununua magari: malori, pikipiki, hata vifaru, na zaidi ya yote jipu, ambalo viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza zaidi ya 600,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu atakaa miaka akitafuta taa ya nyuma ya asili, au rangi ile ile ya kijani iliyopakwa kiwandani, na akishamaliza hulipeleka gari lake uwanjani majira ya joto likatazamwe na wenzake. Hatuoni ajabu. Hata kwetu wapo mafundi wasiolala kwa ajili ya Land Rover iliyozaliwa kabla yao.

Asiye na banda la kuwekea gari hukusanya nishani. Nishani hukaa kiganjani, hainywi mafuta, na nyuma ya kila moja yupo mtu. Waingereza wana chama cha utafiti wa nishani tangu mwaka 1942, na jijini London ziko nyumba za mnada, kama Spink na Noonans, zinazouza nishani za kila vita ambavyo dola yao ilipigana. Miongoni mwa hizo zimo za askari wetu wa Keya, kama walivyoitwa na watu wa zama zile askari wa King's African Rifles.

Sasa tueleze jambo ambalo aghalabu mnunuzi hatawaelezeni. Chukueni nishani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ile ya madini ya fedha yenye upana wa milimita 36, mwisikilize kwa ncha ya kidole pembezoni. Kwenye ukingo wake mwembamba mtakuta maandishi madogo yaliyogongwa: namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Pengine jina limeandikwa vibaya, maana karani aliandika alivyosikia, na Abdallah mmoja aweza kutokea kwa tahajia nne. Lakini jina lipo. Madini yenyewe, yakipimwa kwenye mizani ya sonara, si mali ya kutisha. Mwaka 1980, bei ya fedha ilipopanda mno duniani, Waingereza wenyewe waliyeyusha nishani nyingi za aina hii, za babu zao. Anachokilipia mkusanyaji ni yale maandishi ya ukingoni. Kwa namba na jina ataweza kutafuta habari za mwenye nishani. Orodha za waliopewa nishani za vita vile zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, pale Kew, London. Nishani ambayo ukingo wake umekwanguliwa jina likafutika, bei yake huanguka papo hapo.

Kwa hiyo tunawasihi akina mama wenye kupenda usafi: msisugue nishani kwa jivu, mchanga wala dawa ya kung'arishia shaba. Weusi wake haumdhuru mtu, bali kusugua hula herufi. Na ikiwa mnayo ile nishani ya ushujaa iliyotolewa kwa askari Waafrika wa Keya peke yao, yenye jina la kikosi limeandikwa juu yake, fahamuni kwamba ni adimu, na mnunuzi anayeitolea bei sawa na nyingine ama hajui kazi yake au anaijua sana.

Nishani za vita vya pili zina mkasa mwingine. Nyota zile za shaba zenye ncha sita, ambazo katikati zina taji na herufi GRI VI, hazina jina la mtu. Serikali ya Uingereza iliamua kutochonga majina ya askari wake, ingawa India na Afrika Kusini waliwachongea wao. Nyota ya Afrika, ambayo utepe wake ni wa rangi ya mchanga, waliipata askari wetu waliopigana na Waitaliano katika vita vya Uhabeshi, vilivyofika Mogadishu Februari 1941 na Addis Ababa Aprili mwaka ule ule. Nyota ya Burma, ambayo utepe wake una buluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, waliipata wale waliopelekwa kupigana na Wajapani, wakashuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 na kuufikia mto Chindwin mwezi wa Desemba. Wengine hawakufika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Kilindini kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa maji, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Nyota ya aliyenusurika katika haya yote na nyota ya aliyekaa ghalani akihesabu mablanketi huko huko Burma zinafanana mithili ya mayai mawili. Zilitolewa kwa wingi mno, na ikiwa pekee yake bei yake ni ndogo. Kinachoitenga nyota ya babu yenu na nyingine zote ni kwamba nyinyi mnajua ni ya babu yenu. Ikitoka katika kitambaa cha bibi ikaingia mfukoni mwa mgeni bila ya maelezo, imekwisha kuwa nyota tu.

Hapa ndipo tunapofikia barua tuliyoletewa na dada mmoja, ambaye kwa kumsitiri hatutaji jina lake wala mji wake. Babu yake mzaa baba alirudi vitani na nyota tatu, nishani moja ya duara yenye picha ya simba, na karatasi ya kuachishwa jeshi. Alipofariki, bibi alivitunza. Bibi naye alipofariki, ami mkubwa aliviuza vyote kwa mnunuzi aliyebisha hodi, bila ya kumshauri mtu. Shangazi wawili walipata habari hizo siku ya harusi, na tangu siku hiyo hawasemezani na kaka yao. Ami anasema ni vyuma vya kizamani na wala havikuleta fedha ya maana. Shangazi wanasema kwamba hawadai fedha. Dada anatuuliza nani mwenye haki.

Katika mirathi jibu halina mzunguko. Alichokiacha marehemu, kikiwa kinauzika, ni mali ya warithi wote, wake kwa waume, hadi kigawanywe. Ukubwa wa umri haumpi mtu mamlaka ya kuuza fungu la dada zake, na udogo wa bei hauondoi haki. Ami anapaswa kuwaeleza dada zake alichouza, kwa nani na kwa kiasi gani, awape fungu lao au awaombe radhi wamsamehe. Undani wake waupeleke kwa kadhi au sheikh wa mtaa wao, ambaye atawasikiliza wote kwa pamoja. Sisi tumesikia upande mmoja tu.

Ila tunadhani shangazi wanachokililia hasa ni ile karatasi, na ndiyo maana wanasema hawadai fedha. Karatasi ya kuachishwa jeshi ndiyo iliyokuwa na jina, namba, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na pengine kabila na kijiji alichotoka. Mnunuzi aliiomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba gazeti la kufungia, naye ami akampa bure. Kumbe nyota bila karatasi ni chuma, na nyota pamoja na karatasi ni askari fulani bin fulani. Ami aliuza kilicho rahisi akakitoa sadaka kilicho ghali.

Wazee wetu waliujua uzito wa karatasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee wa Mjerumani malimbikizo ya mishahara ya vita vya kwanza, wazee hao walikusanyika Mwanza, na waliokuja na vyeti walihesabika kwa vidole. Wengine walileta vipande vya sare. Mlipaji akachukua ufagio, akampa kila mzee ashike mfano wa bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Wale walikuwa hai na miili yao ilikumbuka. Aliyekwisha kuzikwa hapewi ufagio.

Na katika nchi yetu majina hayo hayapo mahali pengi pa kuyatafuta. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za kirumi na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yanayoahidi kwamba hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Jina la askari hata mmoja halikuchongwa pale. Wapagazi walioandikishwa na Waingereza katika vita vya kwanza, wale waliotuachia jina la Kariakoo, walikaribia milioni moja. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na yamkini hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Tukiyaweka haya mbele yetu, hatuwezi kuwalaumu wakusanyaji kwa jumla. Wapo miongoni mwao waliotumia miaka kutafuta askari mmoja wa Keya alikuwa nani, alikufa wapi na alizikwa wapi, kazi ambayo wajukuu zake wenyewe hawakuifanya. Nishani ambayo ingekwenda kwa muuza vyuma chakavu imehifadhiwa kwenye kabati lake, na habari zake zimeandikwa. Tunachowalaumu baadhi yao ni kuchukua karatasi, picha na simulizi nyumbani mwa watu bila ya kuwaachia nakala, jambo ambalo lingewagharimu nusu saa. Na lawama nyingine ni yetu wenyewe, tunaowaacha wazee waende na habari zao.

Hatusemi msiuze. Ada za shule na matibabu ni mambo ya haki, na nishani haikuwekwa wakfu. Lakini kabla ya kuuza, warithi wakae kitako wakubaliane. Pigeni picha nishani pande zote mbili pamoja na ukingo wake, na karatasi yake ukurasa kwa ukurasa. Mwulizeni mzee aliye hai: babu aliandikishwa wapi, rafiki zake walikuwa kina nani, alipanda meli bandari gani, alisimulia nini na alikataa kusimulia nini. Mwandike kama anavyosema, hata kama tarehe hazilingani. Msitenganishe nishani za mtu mmoja mkauza hii leo na ile mwakani, maana zikiwa pamoja na karatasi yake ndipo zinapokuwa na habari na pia bei. Na msikubali bei ya mlangoni siku ile ile. Mnunuzi wa haki ataacha anwani yake na kurudi.

Kwa dada yetu, kitu cha haraka ni kumtafuta yule mnunuzi kabla hajauza mbele. Akikataa kurudisha mali, mwombeni angalau picha ya karatasi, nanyi mkampe majina ya watoto na wajukuu wa mwenye nishani. Mkusanyaji wa kweli atafurahi kuyapata.

Limebaki jambo moja ambalo halina majadiliano. Wenzetu wa upande wa Taveta, ambako Mwingereza na Mjerumani walipigana mwaka 1914 hadi 1916, na wa mahali pengine palipopiganwa, bado huokota maganda ya risasi na vipande vya vyuma mashambani. Vijana wamesikia kwamba vitu hivi vina wanunuzi, basi wanavichimbua. Ganda tupu halina neno. Ama risasi nzima, kombora au bomu la mkono, hata likiwa limeliwa na kutu kwa miaka mia, baruti yake yaweza kuwa ingali hai. Msiligonge, msilibebe, msiliingize ndani ya nyumba. Wekeni alama mahali lilipo, waondoeni watoto, mkawaite polisi.