Miwani ya intaneti inunuliwe kwa namba, si kwa picha
Mkaaji wa Malemba-Nkulu akiagiza miwani ya bei nafuu kwa intaneti, kisha isimkae vizuri, kuirudisha ni gharama nyingine ya usafiri. Unafuu unageuka hasara.

Kosa linaanzia kwenye picha: fremu inapendeza usoni mwa mwingine. Dawa iko ndani ya mkono wa miwani ya zamani. Namba kama 52-18-140 ni milimita: upana wa kioo, nafasi ya pua, urefu wa mkono. Asiye nayo ajaribu fremu sokoni, asome namba za ile inayomkaa.

Umbali kati ya mboni za macho upimwe pia, maana kioo kilichokaa vibaya kinachosha macho. Muuzaji asiyeuliza vipimo hivyo asipewe pesa.