MASTAA ACHENI DHARAU, MWANGA WA KWENYE KOMPYUTA HAUJI KWA KUBONYEZA KITUFE!

Haya wadau, leo tuambizane ukweli. Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kamgomea kijana wa grafiki hela iliyobaki ya video yake mpya. Eti kazi imefanywa na kompyuta, kijana kabonyeza kitufe tu akaenda kulala. Na mashabiki mkajaza emoji za kucheka. Mnacheka nini sasa?

Tuelewane kwanza. Anika kanga nyekundu karibu na ukuta mweupe saa sita mchana, uone ukuta unavyogeuka mwekundu kwa mbali. Mwanga umegonga kanga, ukadunda na rangi yake hadi ukutani. Macho yameshazoea, hata hushtuki. Kompyuta haijui hilo. Usipoielekeza, kila mahali ambapo taa haifiki moja kwa moja panabaki peusi tii, na lile gari la kifahari linaonekana kama limebandikwa kwa gundi.

Kuifundisha haikuwa mchezo. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitumia kiboksi chenye kuta za rangi kuonyesha rangi inavyohamia ukuta wa jirani. Mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlinganyo ambao ndio msingi mpaka leo. Pixar wenyewe, pamoja na mihela yao, kwenye Toy Story ya 1995 walipanga taa za kuigizia kwa mkono. Mwanga wa kudunda wamekuja kuutumia filamu nzima 2013, kwenye Monsters University.

Sasa staa wetu piga hesabu. Video ya dakika 4, picha 25 kwa sekunde, ni picha 6,000. Kila moja ikichukua dakika 10 tu, hiyo ni saa 1,000, yaani karibu siku 42 mashine moja haizimwi. Ukilalamika picha ina chenga, kuzipunguza nusu kunataka miale mara 4, na muda nao mara 4. LUKU ananunua nani? Halafu unataka kazi Ijumaa!

Najua kuna atakayesema mbona magemu yanafanya papo hapo. Sawa, kadi za kazi hiyo zilianza kuingia kwenye kompyuta za wachezaji 2018. Zinarusha miale michache, programu inasafisha chenga zilizobaki. Bei yake umeulizia? Na ukiikwepa mashine, kijana atakaa kupanga taa za kuigizia moja moja. Ama unalipia saa za mashine, ama unalipia saa za mtu. Ya bure haipo.

Meza ya klabu unalipa bila kuuliza bei, ila aliyekufanya ung'ae unamzungusha? Mlipe kijana wa watu, na jina lake liandikwe mwisho wa video.

Mdau, wewe unaonaje? Tupia komenti hapo chini, matusi hapana.