Tulimjua na sufuria moja



Kule Kigali, mpishi Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Linzolo karibu na Brazzaville, alifungua restora yake Meza Malonga mwaka 2020. Alikuwa amezunguka nchi nyingi za Afrika akijifunza mapishi kwa wamama na mabibi. Habari yake imetukumbusha mama mmoja wa hapa kwetu Bagira, ambaye leo watu wa Ibanda wanamgombania kwa karamu za ndoa.

Sisi walimu tulimjua akiwa na sufuria moja na mbabula kando ya barabara. Bugali, sombe, sambaza za kukaanga. Mshahara ukichelewa (na ulichelewa!) tulikula kwa deni, naye aliandika kwenye kaye. Siku moja alitupa kaye ile tumwangalilie hesabu. Madeni yetu yalijaa ukurasa mmoja tu. Kurasa nyingine zote zilikuwa bei: makala, mafuta, unga, sambaza zinazopanda bei mwezi ukiwa mpevu kwa sababu wavuvi wanapata kidogo. Kila jioni aligawanya jumla kwa idadi ya sahani. Wanafunzi wetu wa darasa la sita hawafanyi hivyo bila kusukumwa.

Zamu yake ya likelemba ilipofika, hakununua kitenge. Alinunua sufuria ya pili. Zamu iliyofuata, meza na viti.

Leo wengine wanasema ni bahati, wengine eti kuna tajiri nyuma yake. Sisi tuliona kaye.

Tumemwomba aje nayo kwenye mkutano wetu. Amekubali, ila si Jumamosi: ana ndoa mbili.