Kimbunga Hakiibi, Dada: Wizi Hufanyika Gatini



Leo siji na mshono mpya wala rangi za msimu. Leo nimekuja na hasira zangu, mnivumilie mpaka mwisho.

Juzi hapa Kimali nilifunga kazi mapema, nikakaa na wasichana ninaowafundisha kushona tukaangalia filamu. Inaitwa The Hurricane Heist, ya mwaka 2018, imeongozwa na Rob Cohen, yule yule aliyeongoza ile ya kwanza ya The Fast and the Furious. Kisa chenyewe ni hiki. Kimbunga kikubwa kinakuja jimbo la Alabama, Marekani. Watu wanahamishwa mji mzima. Majambazi wanaona hapo hapo ndipo pa kuiba dola milioni 600, noti chakavu za serikali zilizokuwa zinasubiri kusagwa. Basi hapo ni risasi, malori, mapaa ya nyumba yanaruka, watu wananyakuliwa na upepo kama vipande vya kitambaa. Kuna mahali jamaa anarusha vifuniko vya magurudumu ya gari, upepo unavibeba, vinamchoma jambazi kifuani. Wasichana wangu walicheka mpaka machozi.

Na mimi nilicheka, sitaki kusema uongo. Kicheko kilikatika pale binti mmoja aliposema, "Mama, kumbe kimbunga kitamu!"

Kitamu? Hapo ndipo nilipozima.

Najua mtasema, "Dada nawe, ni filamu tu." Sawa. Mimi sina ugomvi na gari kuruka. Ugomvi wangu ni somo linaloingia kichwani bila kubisha hodi: kwamba maafa ni kishindo, kwamba mhalifu ni mtu mwenye bunduki anayetokea wakati wa dhoruba, na kwamba atatokea shujaa wa kutuokoa dakika ya mwisho. Uongo mtupu, yote matatu. Na huku kwetu uongo huo unaua.

Mwaka huo huo wa 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatutasahau. Hapakuwa na kimbunga. Ilikuwa mchana, nchi kavu inaonekana kwa macho. Kivuko cha kubeba abiria 101 kilibeba watu wengi kupita kiasi, pamoja na mizigo yao. Waliokufa ni zaidi ya 220. Niambieni, jambazi mwenye bunduki alikuwa wapi?

Nyinyi wa visiwani ndiyo msiseme, maana kidonda ni chenu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, watu wametoka kula Idd, wanarudi Pemba, MV Spice Islander ikazama katika mkondo wa Nungwi. Meli ya watu kama 600 ilikuwa imepakia zaidi ya 2,000, kwa mujibu wa tume iliyoundwa kuchunguza. Mwaka haujapita, tarehe 18 Julai 2012, siku chache tu kabla ya Ramadhani, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, upepo ukiwa mkali. Chombo chenyewe zamani kilikuwa kikivusha abiria huko Seattle, kwenye maji yaliyozungukwa na nchi kavu, si cha bahari kuu kama yetu. Waziri aliyehusika na usafiri Zanzibar akajiuzulu. Lakini waliokwenda walikwenda. Allah awarehemu wote na awape subira walioachwa. Amin.

Sasa tuirudie ile filamu, maana kuna mahali imegusa ukweli bila kujijua. Majambazi wale hawakuvunja mlango kwa nguvu zao. Walifunguliwa na mtu wa ndani, mlinzi aliyeaminiwa, na mkuu wa polisi wa mji naye alikuwa wao. Hapo mtengeneza filamu alikuwa na kisa kizito mkononi: msaliti ni yule tuliyempa funguo. Badala ya kukaa hapo akakimbilia malori na milipuko. Ameitupa nyama akala mfupa.

Mwizi wetu wa baharini na ziwani ni huyo huyo mtu wa ndani. Hana bunduki. Ana kitabu cha tiketi. Anauza ya mia sita, anauza ya mia saba, anaendelea kuuza. Ana mwenzake anayeangalia pembeni mizigo ikipanda. Wizi unakamilika gatini, bahari imetulia, watu wanaagana kwa vicheko. Upepo ukija baadaye unakuta kazi imeshafanywa.

Halafu baada ya mazishi tunaambiwa, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu."

Dada zangu, kadari ni nguzo ya imani yetu na mimi naiamini. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, Pemba ikasalimika, na ndiyo moja ya sababu karafuu hadi leo inatajwa na Pemba. Wazee wale hawakuwa na redio wala utabiri. Wao wakisema kadari, nawaelewa. Lakini mtu aliyepakia mara tatu ya kiasi, akijua, kwa ajili ya pesa, halafu akamtaja Allah, huyo ameiba mara mbili. Ameiba roho za watu, kisha anamsingizia Mola wake. Mtume wetu (S.A.W.) alimwelekeza yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Na Qur'ani imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Tawakkul bila kamba ni uzembe uliovaa kanzu.

Na sisi wanawake tusijitoe kwenye lawama. Mei 2024 ilipotangazwa kwamba Kimbunga Hidaya kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari na safari za boti kati ya Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Kikafika, kikapungua nguvu. Nini nilisikia kwa wateja wangu? "Kimbunga chenyewe kiko wapi? Wametuharibia shughuli bure!" Mtu analalamika kwa sababu hakufa! Hayo ndiyo matunda ya filamu hizi. Tumezoeshwa kwamba hatari isiyopasua mapaa si hatari. Siku watu wote waliporudi nyumbani salama tunaiona siku ya hasara, kwa kuwa haina picha ya kurusha kwenye simu.

Nitawasimulia langu. Miaka kadhaa iliyopita nilishona gauni la bibi harusi wa ng'ambo ya maji, nikalibeba mwenyewe kwenda nalo. Ilikuwa miezi ya kusi, maji yamechafuka kidogo. Nikapanda chombo. Tukajaa. Wakaendelea kuingiza watu, kina mama na watoto wamekaa juu ya magunia, pa kuweka mguu hapana. Nikauliza majaketi ya kujiokolea yako wapi, kijana akanicheka, akaniambia, "Mama, wewe kaa usali." Nikachukua gauni langu nikashuka.

Msidhani nilipigiwa makofi. Niliitwa mwoga, niliitwa mshamba wa bara asiyejua maji. Mama wa bibi harusi alilia kwenye simu. Nilifika kesho yake, shughuli imekwisha, binti ametolewa na gauni la kuazima. Na kile chombo? Kilifika salama salimini. Familia ile haijanipa kazi tena mpaka leo, na nilirudisha pesa yao yote.

Nimejuta? Nililia kwa ajili ya yule binti, maana siku yake haitarudi. Lakini kushuka sijajutia hata dakika moja. Chombo kufika salama hakukufanya hesabu ile kuwa halali. Mtu akila haramu asipougua tumbo, haramu haigeuki halali.

Ndiyo maana nawaambia nyinyi mabiharusi, maana nyinyi ndiyo mnaosafirisha watu wengi kwa siku moja. Baada ya Idd na mwezi wa Shaaban harusi ni nyingi. Shangazi wote waende, mashoga wote waende, kungwi na masinia yake, ngoma, maturubai. Chombo kimekodiwa kimoja kwa sababu pesa imeishia kwenye ukumbi na mapambo. Usikubali.

Weka nauli ya chombo cha pili kwenye bajeti kabla ya kununua taji. Punguza maua, punguza meza, hata gauni langu punguza shanga, sitakasirika.

Mpe mtu mmoja wa familia kazi ya kuhesabu watu gatini, mtu mkavu asiyeona haya kumwambia wifi, "Wewe utakuja na cha pili."

Sikiliza taarifa ya hali ya hewa. Wakisema msisafiri, sogeza siku. Ndoa ni mahari, walii na mashahidi; keki inasubiri.

Na jaketi la kujiokolea livae juu ya baibui. Nimewasikia wanaosema linaharibu stara au linakunja nguo. Mimi ni fundi, nawahakikishia: nguo iliyokunjika inapigwa pasi. Stara ya mwanamke haiondoki kwa jaketi.

Kuna jambo moja nalibakiza kutoka kwenye ile filamu, haki yake nimpe. Yumo mwanamke, ofisa wa serikali aitwaye Casey, ambaye majambazi wanamsaka kwa sababu anayo namba ya siri ya kufungulia hazina. Mvua, risasi, upepo, yeye hatoi. Vurugu zote zile zinazunguka mwanamke mmoja aliyekataa. Mngeniuliza mimi, ningeitengeneza upya hadithi ile bila mlipuko hata mmoja: mwanamke amesimama gatini na mzigo wake, anahesabu watu, anasema "hapana," anashuka. Isingeuza tiketi. Lakini ingekuwa ya kweli.

Binti yangu yule wa kushona nimemweleza haya yote. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mama, ukishuka peke yako, waliobaki ndani je?"

Sina jibu zuri. Siku ile nilishuka kimya, nikamwachia kijana yule abiria wengine wote. Kosa langu ni hilo, si kushuka. Nyinyi mkishuka, semeni kwa sauti.

Allah atulinde, atupe akili kabla ya ujasiri. Wabillahi tawfiq.