TAHARIRI: Angekaa Nyumbani kwa Babaye, Angeletewa?



Ndugu zetu Waislamu, Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kwa Banu Sulaym kukusanya zaka. Aliporejea Madina aliigawa mali aliyokuja nayo mafungu mawili: fungu moja akalikabidhi kuwa ni la Waislamu, na la pili akasema ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume (s.a.w.) alighadhibika. Akamuuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake ili aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Kisha akapanda mimbari na kulisema jambo hilo hadharani, watu wote wasikie.

Tunaomba msomaji azingatie jambo moja katika kisa hiki. Ibn al-Lutbiyya hakutuhumiwa kuiba zaka, na fungu la Waislamu alilikabidhi. Kosa lake lilikuwa katika lile fungu la pili, ambalo halikutoka katika hazina bali lilitoka mikononi mwa watu waliompa kwa hiari yao. Wasingempa lau asingekuwa na cheo. Basi kipimo alichotuachia Mtume (s.a.w.) hakiishii kwenye swali la iwapo mtu ameiba. Kinauliza pia: mali hii ingemjia kama asingeteuliwa?

Kipimo hiki kinamhusu zaidi mtu ambaye kazi yake ni kushauri. Mshauri hashiki ufunguo wa hazina, wala haonekani akitoa fedha. Mali yake ni sikio la mtawala. Neno lake moja, au kunyamaza kwake, kunaweza kuupitisha mkataba wa mabilioni au kuukwamisha. Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba kila mwenye mamlaka huwa na wandani wa namna mbili: wanaomhimiza kheri na wanaomsukuma katika shari, na aliyesalimika ni yule aliyehifadhiwa na Mwenyezi Mungu. Mshauri anayeuza ushauri wake amewakosea wawili kwa mpigo: mtawala aliyemwamini, na raia waliomwamini mtawala.

Katika nchi yetu ushauri huu umewekwa ndani ya Katiba. Ibara ya 54 inalitaja Baraza la Mawaziri kuwa chombo kikuu cha kumshauri Rais. Ibara ya 59 inamfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria. Mawaziri na Mwanasheria Mkuu hupata nafasi zao kwa uteuzi wa Rais. Hawaingii humo kwa urithi wala kwa biashara zao. Ni amana.

Sasa tuyatazame yaliyopita. Mwaka 2001 Uingereza iliidhinisha kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada kwa takriban paundi milioni 28, huku baadhi ya mawaziri wa Uingereza yenyewe wakisema kuwa bei hiyo haistahiki kwa nchi maskini. Mwezi Desemba 2010 mahakama mjini London ilielezwa kwamba kiasi cha dola milioni 12.4 kililipwa kwa makampuni ya mtu aliyeitwa mshauri wa mauzo, na kampuni ikakiri kutoweka hesabu sahihi za malipo hayo. Ilitozwa faini ya paundi laki tano, na ikatakiwa kulipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha ambazo baadaye zilinunua vitabu na madawati ya shule zetu. Kabla ya hapo, mwezi Aprili 2008, Bw. Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali hadi mwaka 2005, alijiuzulu uwaziri baada ya kufahamika kuwa alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey. Alikanusha kuwa fedha hizo zilihusiana na rada, na wachunguzi wa Uingereza hawakumfungulia mashtaka. Lakini umma haukusahau kwamba fedha hizo aliziita vijisenti.

Likaja jambo la akaunti ya Tegeta Escrow. Hizi zilikuwa fedha zilizowekwa Benki Kuu kutokana na mgogoro kati ya TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL. Zilitolewa mwishoni mwa mwaka 2013, na mmiliki wa kampuni iliyokuwa na hisa katika IPTL akawagawia watu mbalimbali sehemu ya malipo aliyoyapata. Mwezi Novemba 2014 jambo hilo lilijadiliwa Bungeni na maazimio yakapitishwa. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu mwezi Desemba kwa sababu ya ushauri aliokuwa ameutoa, ambao yeye alisema haukueleweka. Mkoa wetu wa Kagera nao uliguswa. Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi na Mbunge wa Muleba Kusini, aliondolewa uwaziri mwezi huo huo kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 zilizoingia katika akaunti yake. Yeye alieleza kuwa ulikuwa mchango kwa ajili ya shule.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Sura ya Hujurat imetukataza kukithirisha dhana na kupekuana, na mtu ambaye mahakama haikumtia hatiani, sisi hatuna haki ya kumtia hatiani katika baraza za msikiti. Lakini wapo wanaoitumia aya hiyo kuwafunga watu midomo wasiulize, na hilo si sahihi. Usiku mmoja Mtume (s.a.w.) alikuwa akimsindikiza mkewe Bibi Safiyya, wakapita Maansari wawili. Aliwaita yeye mwenyewe na kuwajulisha kuwa aliye naye ni Safiyya, ingawa wao hawakuuliza lolote. Ikiwa mbora wa viumbe aliiondoa shaka kabla haijaingia nyoyoni mwa watu, vipi waziri au mshauri aone anatukanwa anapoulizwa mali yake ameipata wapi? Raia ameamrishwa kujiepusha na dhana mbaya, na mwenye cheo anapaswa kutoipa dhana hiyo njia.

Sheria tunayo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni yao. Lakini matamko hayo hukaa katika majalada ya serikali, na mwananchi anayetaka kuyaona hukutana na masharti. Aidha, tumezoea kuona kujiuzulu kukifanywa mwisho wa jambo. Mtu huacha kiti, siku zikapita, akarudi kwa mlango mwingine. Sayyidna Umar (r.a.) hakufanya hivyo. Aliorodhesha mali za magavana wake siku ya kuwateua, na ziada aliyoitilia shaka aliirudisha Baitul-mali. Imam Malik amesimulia katika Muwatta kwamba watoto wawili wa Umar walikopeshwa fedha za umma na gavana wa Basra, wakafanyia biashara na kupata faida. Baba yao aliwauliza kama jeshi zima lilikopeshwa kama wao. Walipojibu kuwa halikukopeshwa, alirudisha mtaji wote pamoja na nusu ya faida. Hakuna aliyeiba, na hazina haikupungua. Walipata kwa kuwa ni watoto wa mkubwa, na hilo pekee lilitosha.

Huenda msomaji wa Kabanga akasema kuwa rada na umeme ni mambo ya Dar es Salaam. Sivyo. Chini ya ardhi hii ya Ngara kuna nikeli iliyotafutwa tangu miaka ya sabini. Mwezi Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba ulioiundia nchi kampuni ya ubia, Tembo Nickel, ambamo Serikali ilipata hisa asilimia 16. Mashamba ya migomba yamepimwa, na familia zimetakiwa kupisha mradi kwa fidia. Kila hatua ya shughuli kama hii ina mshauri wake: wa sheria, wa kodi, wa mazingira, wa kuthamini mali. Hatumtuhumu yeyote kati yao. Tunasema tu kwamba hapa ndipo mahali pa kuuliza swali la Mtume (s.a.w.) mapema, kabla ya kilio, kwani ushauri ukishauzwa, madawati yanayokuja miaka kumi baadaye hayarudishi shamba.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, matamko ya mali ya wateule yawe wazi kwa kila raia bila masharti ya kumkatisha tamaa. Pili, aliyeishauri Serikali katika mkataba asiruhusiwe kupokea malipo, zawadi wala mchango kutoka kwa upande wa pili wa mkataba huo, hata baada ya kuacha cheo, na hata kama mchango ni wa jambo la kheri. Tatu, tuanze na nafsi zetu. Mjumbe wa kamati ya kijiji anayepewa "soda" na mwenye shamba ili mipaka isogezwe, na mdhamini wa msikiti anayemkodisha ndugu yake fremu ya wakfu kwa bei ya kujuana, wako katika safu moja na Ibn al-Lutbiyya. Hatuwezi kuwadai wakubwa amana tusiyoitekeleza wenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape watawala wetu wandani wema, na atujaalie sisi sote riziki ya halali ambayo hatutaona haya kuitaja hadharani. Amin. Wabillahi tawfiq.