Mwenye Njaa Hana Miiko, Hata Akiwa Studio

Lipo swali moja ambalo wenye redio ndogo hawapendi kuulizwa: huyo kijana anayetuamsha alfajiri kwa bei ya mpunga na hali ya mto, mwisho wa mwezi analipwa nini, na nani? Liulize popote nchini penye mnara mfupi na studio iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Jibu utakalopewa mara nyingi ni moja: “Anajitolea.” Alijitolea mwaka juzi, akajitolea mwaka jana, na mwaka huu bado anajitolea, huku matangazo ya biashara yakipita kila baada ya nyimbo mbili.

Juu ya huyo kijana yupo meneja vipindi. Mgeni akikisikia cheo hicho atadhani ni mtu mwenye ofisi, kiyoyozi na dereva. Kwenye redio ya wilayani, meneja vipindi ndiye anayepanga ratiba ya juma zima, anayemsaka bwana shamba wa kipindi cha kilimo, anayemkabili diwani aliyekasirika, anayesoma tangazo la msiba, anayekimbilia jenereta umeme ukikatika. Mtangazaji wa zamu asipotokea, anakaa yeye kwenye maiki. Wasaidizi wake wanarekodi na kuhariri sauti kwa simu zao, kwa bando lao. Kazi zote hizo zipo na zinafanyika. Mshahara ndio haupo.

Sinyooshei kidole kituo kimoja. Bonde la Kilombero lina Pambazuko FM mjini Ifakara. Ng’ambo ya mto, huko Mahenge, ipo Ulanga FM. Kuwapo kwa sauti hizo ni heri kwetu, na hesabu zao za ndani sizizungumzii hapa. Ninachokizungumzia ni desturi ya nchi nzima. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati ya kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari, mwenyekiti akiwa Tido Mhando, mtangazaji aliyekula chumvi nyingi katika kazi hii. Kamati ikarudi na habari ambayo kila mtu wa tasnia aliijua: waandishi wengi wanafanya kazi bila mikataba. Kama hali ndiyo hiyo Dar es Salaam kwenye matangazo ya benki na ya kampuni za simu, fikiria hali ya wilayani, ambako tangazo kubwa la mwezi ni la duka la pembejeo.

Hoja yangu ni moja. Mtu anayepanga kipindi asipolipwa na redio, atalipwa na mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayepanga kipindi. Wahenga walishasema kwamba mwenye njaa hana miiko. Mlinzi wa shamba la mpunga ukimlaza njaa, usishangae ukikuta masuke yamepungua kabla ndege hawajafika.

Tazama ratiba ya redio nyingi za wilayani, kisha uniambie ni saa ngapi ndani yake zimepangwa na redio yenyewe. Asubuhi kuna mahubiri yaliyolipiwa. Baadaye anaingia tabibu wa dawa za asili, naye amelipia, anayetibu kisukari, presha na nguvu za kiume kwa chupa moja. Jioni kuna kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira. Katikati kuna kipindi cha mradi wa shirika fulani, kizuri kwelikweli, kinachokufa siku mradi unapokwisha hata kama wasikilizaji bado wana maswali. Kilichobaki ni salamu na muziki. Meneja vipindi amegeuzwa dalali wa muda wa hewani, na kamisheni yake ndiyo chakula cha watoto wake. Kwa hiyo mtu huyu akimkatalia tabibu wa chupa moja, amejikatalia mwenyewe ugali. Tunamtaka awe na maadili ya chuma juu ya tumbo tupu.

Wengine watasema redio ni burudani tu, mambo yasikuzwe. Waje bondeni. Ardhi oevu ya Kilombero iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo. Mwaka 2023 eneo kubwa la bonde likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba. Kando yake kuna wakulima wa mpunga, wafugaji waliohamia na ng’ombe wao, wavuvi, wakulima wa nje wa miwa ya Kilombero, na wawekezaji wa mashamba makubwa. Maji ya Mto Kilombero ni zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndio unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Kila mmoja hapo ana lake la kusema kuhusu kipande kile kile cha ardhi, na si wote wenye pesa ya kulisemea.

Sasa mkulima wa Mofu au Mbingu anataka kujua mpaka wa Pori la Akiba umepita wapi, kigingi kimekaa upande gani wa shamba lake, na akilalamika aende ofisi ipi. Hicho ni kipindi cha saa nzima. Kinahitaji mtu aende kijijini, azungumze na mwenyekiti wa kijiji, mkulima, mfugaji na ofisa wa wanyamapori, arudi ahariri, kisha awaweke wote hewani waulizane. Nauli inatoka wapi? Zamani tulikuwa na kisingizio cha mto, maana kwenda Ulanga na Malinyi kulitegemea kivuko, na mwaka 2016 kivuko hicho kilipinduka. Lakini Daraja la Magufuli, lenye mita 384, lilizinduliwa Mei 2018. Mto umevukwa, imebaki hela ya bodaboda. Asiye na hela hiyo atapanda gari la mwenye maslahi, atakula chakula chake, atapokea bahasha yake, na kipindi kitakachorushwa kitakuwa na sauti moja. Mkulima atasikiliza mgogoro wake mwenyewe ukielezwa na upande wa pili, kwenye redio inayoitwa ya kijamii.

Wala tusidanganyane kwamba kazi ya vipindi haina thamani inayopimika. Nchi hii imeipima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Eneo la Dodoma likaachwa kwanza bila kuusikia ili watafiti walinganishe, na tofauti ikaonekana katika matumizi ya uzazi wa mpango. Watayarishaji wa Redio Tanzania walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Hawakuishi kwa soda ya mgeni wa studio.

Ifakara hasa haina udhuru. Huu ni mji ambao tangu miaka ya 1950 umekuwa na maabara ya utafiti, iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Hapa anayehesabu mbu analipwa, na ni haki yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, chandarua cha Zuia Mbu kilipoanza kuuzwa Kilombero na Ulanga, uhamasishaji ulitengewa fedha kwa sababu wataalamu walijua kwamba chandarua bila maelezo kitaishia kuvulia samaki. Basi kwa nini anayelifikisha neno la mtaalamu hadi Chita na Mlimba, kwa lugha ambayo bibi anaielewa, aonekane hastahili hata shilingi?

Tuje kwenye sheria, maana wenye redio wengi wanazungumza kana kwamba jambo hili ni hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Inatoa likizo ya siku 28 yenye malipo. Inaongeza asilimia 5 ya mshahara kwa kazi ya usiku. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwenye chombo cha habari awawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya watumishi wa Dar es Salaam peke yao.

Lakini angalia dola inavyokagua. Chini ya sheria hiyo hiyo ya 2016, kanuni zake zinamdai mwandishi walau stashahada. Mzazi wa Kiberege akauza magunia ya mpunga, akamsomesha binti miaka miwili, cheti kikapatikana, binti akaingia studio, akaambiwa ajitolee. Cheti chake kinakaguliwa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Maneno yake yanakaguliwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na akiteleza kituo kinapigwa faini. Orodha ya mishahara ya bosi wake anaikagua nani? Dola inayojua kuhesabu makosa ya mtangazaji inashindwaje kuhesabu miezi ambayo hakulipwa?

Na kwa huyo binti madhara hayaishii kwenye pesa. Asiye na mkataba anaendelea kuwapo kazini kwa kupendwa na bosi. Zamu nzuri, kipindi kizuri, safari ya semina yenye posho, vyote vinatoka mkononi mwa mtu mmoja. Hapo ndipo rushwa ya ngono inapopata mlango. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua kuwa kosa la jinai, ila msichana asiye na karatasi hata moja ya kuthibitisha kwamba ni mfanyakazi wa kituo ataanzia wapi kushtaki?

Najua majibu yenu, maana tumeyasikia sana. La kwanza: redio ndogo haina pesa. Sawa. Mbona Luku inanunuliwa? Mbona mafuta ya jenereta yanapatikana, na ada ya leseni inalipwa? TANESCO haipokei shukrani badala ya fedha, kwa hiyo TANESCO inalipwa. Mnayemnyima ni yule tu ambaye hawezi kuwakatia umeme. Kama mapato yanatosha watu wawili, ajirini wawili mrushe saa nane kwa siku. Hakuna aliyewalazimisha kukaa hewani saa kumi na nane kwa jasho la watu saba msiowalipa.

La pili: vijana wanapata uzoefu. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akikaa miezi miwili au mitatu akifundishwa, hakuna ugomvi. Anayeendesha kipindi cha asubuhi mwaka wa tatu ameshamaliza kujifunza muda mrefu. Huo ni unyonyaji uliovishwa fulana ya kituo.

La tatu, na ndilo linaloniudhi kuliko yote: wanaipenda kazi. Ndiyo, wanaipenda. Wanapenda bibi akipiga simu kutoka Mngeta kushukuru, wanapenda kuitwa majina yao sokoni. Mapenzi hayo ndiyo mnayoyala. Daktari wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara pia anaipenda kazi yake, na hakuna anayemwambia mapenzi hayo yanatosha kulipia kodi ya nyumba.

Nini kifanyike? TCRA, kabla ya kuhuisha leseni, ione mikataba ya wafanyakazi na michango yao ya NSSF, kama inavyoona vipimo vya mitambo. Halmashauri za Ifakara Mji, Mlimba, Malinyi na Ulanga zitenge fedha za matangazo kwenye bajeti na zilipe kwa wakati. Mkurugenzi anayetaka wananchi watangaziwe chanjo, mikutano na tahadhari ya mafuriko ya Mto Lumemo ajue kwamba kuna mtu anayefanya kazi hiyo, na mtu huyo anakula. Mashirika yanayoleta miradi yaache kununua nusu saa ya hewani na kuondoka. Yaweke kifungu cha mshahara wa mtayarishaji ndani ya bajeti, kiende kwenye akaunti ya kituo na si mfukoni mwa mtu. Vyama vya ushirika vya wakulima wa miwa na mpunga vidhamini vipindi kwa mkataba unaosema wazi kwamba mdhamini hapangi maswali.

Nawe msikilizaji una sehemu yako. Siku ukipiga simu studio kutuma salamu, baada ya kumsalimia mjomba wa Kidatu na shangazi wa Mlimba, muulize mtangazaji hewani kama amelipwa mwezi uliopita. Akikaa kimya, kila mtu bondeni atakuwa amesikia jibu.

Wenye redio, mlipeni mtu wa vipindi. Kama hamna cha kumlipa, punguzeni saa za matangazo hadi mfikie zile mnazoweza kuzilipia. Na kama hata hizo hamziwezi, rudisheni leseni, masafa wapewe wanaoweza.