Ukimya wa Kidato cha Kwanza

Mtoto wa Murukulazo, wilayani Ngara, aghalabu huzungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani, husomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha sekondari humpokea kwa Kiingereza. Ada katika sekondari za Serikali, Kidato cha 1 hadi cha 4, ilifutwa mwaka 2016. Tangu Novemba 2021 hata msichana aliyejifungua huruhusiwa kurejea masomoni. Mlango, basi, u wazi. Lakini aketiye nyuma asifahamu neno hajaingia bado, nasi twaona ni dhuluma kumwita mzito. Mwalimu wake na amruhusu kuuliza kwa Kiswahili, wala asichekwe. Nanyi wanachuo, msimpeleke huko akiwa hajapata kuthubutu kuuliza swali hata kwenu.